Bando, Gazeti na Tuisheni: Fedha Yako Inamfikia Nani?

Chukua elfu mbili ya bando. Kwa mteja wa Tanzania Bara, ndani yake kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 17 unaotozwa huduma za mawasiliano, na juu ya ushuru huo kuna VAT ya asilimia 18. Ukiichambua, kama Sh 550 ni kodi, na Sh 1,450 zinazobaki ni za kampuni ya simu. Mwandishi aliyeshinda siku nzima mahakamani kufuatilia kesi utakayoisoma usiku hana fungu lake humo. Mwalimu wa fizikia aliyerekodi somo atakalolitazama binti yako kesho naye hana, isipokuwa wenye mtandao wa video wamgawie kidogo kutokana na matangazo.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu wazazi wengi huamini kwamba wakishanunua bando wamekwishalipia habari na masomo. Walicholipia ni njia. Habari zenyewe na masomo yenyewe vina gharama yake, na kama si wewe unayeilipa basi analipa mtu mwingine, au hakuna anayelipa na kazi inafifia kidogo kidogo. Kwa hiyo katika kulinganisha magazeti, redio, video, vitabu vya mtandaoni na tuisheni, sikuishia kwenye bei. Nimeangalia pia shilingi ngapi zinamfikia aliyefanya kazi, na kitu gani kinabaki mkononi mwako bando likiisha saa sita usiku.

Saa moja ya somo ni shilingi ngapi

Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliweka mipaka ya bei ya data: Sh 2.03 kwa MB moja kwa kiwango cha chini, na Sh 9.35 kwa kiwango cha juu. Sitaji kifurushi cha kampuni yoyote, maana vifurushi hubadilika kila mara na kila laini ina ofa zake. Mipaka hiyo miwili inatosha kutuonyesha pengo. Bando kubwa lililonunuliwa kwa mpango huelekea ule wa chini. Salio linaloliwa bila kujiunga huelekea ule wa juu.

Somo la video la saa moja, kwa ubora wa kati wa 360 unaotosha kuona maandishi ya ubaoni, hula kama MB 350. Kwa bei ya chini hiyo ni Sh 710. Kwa bei ya juu ni karibu Sh 3,270. Somo hilohilo likiwa sauti pekee, kwa kiwango cha kawaida cha mazungumzo, hula MB 29 hivi, yaani Sh 59 kwa bei ya chini na Sh 271 kwa bei ya juu. Likiwa limeandikwa kwenye faili la MB 5, ni Sh 10 au Sh 47. Sasa zidisha kwa siku 26 za mwezi, somo moja kila siku. Video inakutoa zaidi ya Sh 18,000 ukiwa makini, na Sh 85,000 ukijiachia. Sauti ni kati ya Sh 1,500 na Sh 7,000. Maandishi hayafiki Sh 1,300 hata kwa bei mbaya kabisa.

Sisemi video iachwe. Jiometri inataka macho. Jaribio la kemia ambalo shule haina maabara ya kulifanya linapaswa kuonekana, na hapo Sh 710 ni fedha iliyokwenda mahali pake. Lakini historia, uraia, fasihi na sehemu kubwa ya biolojia vinaeleweka vizuri kwa kusoma na kusikiliza, na ndivyo ilivyo kwa habari. Mtu anayetazama taarifa ya habari kwa simu anatazama zaidi uso wa mtangazaji, na kwa uso huo analipa mara kumi na mbili ya gharama ya sauti yake.

Kuna jambo dogo la kufanya leo. Programu nyingi za video hujichagulia ubora zenyewe kulingana na kasi ya mtandao, na mtandao ukiwa mzuri zinapanda hadi 720, ambapo saa moja inaweza kuvuka GB moja. Ingia kwenye mipangilio, ishushe hadi 360, kisha zima ule utaratibu wa video kufuatana zenyewe. Bando la familia nyingi linamalizwa na video ambayo hakuna aliyeiomba.

Gazeti la elfu moja na PDF ya bure

Gazeti la kila siku la Kiswahili limezoeleka kuuzwa Sh 1,000 hivi. Kwa siku 26 ni Sh 26,000, na ukiziweka pembeni ya bando zinaonekana nyingi. Lakini gazeti halisomwi na mtu mmoja. Nyumba ya watu sita inaligawana, jirani analiazima, saluni au kijiwe cha kahawa kinalipokea jioni. Wakilisoma sita, kila mmoja amelipa chini ya Sh 170 kwa siku, na kesho yake nakala bado ipo. Mwanafunzi anaweza kukata makala ya uchumi na kuibandika kwenye daftari.

Katika elfu hiyo, tofauti na bando, wafanya kazi ya habari wana fungu lao. Muuza magazeti anapata kamisheni yake, dereva anayeondoka na mzigo usiku wa manane analipwa, na kinachobaki kinaendesha chumba cha habari. Wengi hawajui kwamba waandishi wengi wa mikoani hawana mshahara. Wanalipwa kwa habari iliyochapishwa. Anayeandika kutoka Kigoma au Lindi kuhusu zahanati isiyo na dawa anajilipia bodaboda, anajilipia bando la kutuma picha, halafu anasubiri kuona kama habari itatoka. Gazeti likipoteza wanunuzi, huyo ndiye wa kwanza kukatwa, na habari za kijiji chake hazichukuliwi na mtu mwingine yeyote.

Ndiyo maana sikubaliani na mazoea ya kusambaza PDF za magazeti kwenye makundi ya WhatsApp kila alfajiri. Anayepokea anaona ameokoa elfu moja. Tatizo lenyewe si geni. Vipindi vya asubuhi vya redio na televisheni vya kupitia magazeti vilikuwa vikisoma habari nzima hewani hadi mwaka 2017, Waziri wa Habari wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, alipoelekeza visome vichwa vya habari tu, kwa hoja kwamba wasikilizaji hawakuwa na sababu tena ya kununua nakala. Agizo lile lilizua mabishano, lakini hoja ya mauzo ilikuwa ya kweli, na PDF ya WhatsApp inaumiza zaidi kwa sababu inabeba gazeti zima, pamoja na matangazo ambayo hakuna anayeweza kuthibitisha yamesomwa na wangapi.

Katikati ya karatasi na wizi kuna nakala halali ya kidijitali. Mwananchi Communications inauza nakala zake kupitia Mwanaclick. Nchini Kenya, Nation Media Group ilianza kuwatoza wasomaji wa Nation.Africa Februari 2021. Kabla ya kujiunga popote, jumlisha bei ya nakala na bei ya kuipakua. Gazeti zima la MB 25 linaongeza Sh 51 kwa bando la bei ya chini na Sh 234 kwa bei ya juu. Kisha uliza kama nakala inaweza kuhifadhiwa kwenye simu na kusomwa bila mtandao, na kama utaendelea kufungua nakala za zamani baada ya muda uliolipia kwisha. Mimi ningelipa kwa mwezi badala ya mwaka, kwa sababu zinazofuata.

Oktoba 2024 TCRA ilisimamisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi Communications, baada ya katuni ya video kuwekwa kwenye kurasa za mitandao za gazeti lake la The Citizen. Magazeti ya karatasi ya kampuni hiyohiyo yaliendelea kuuzwa barabarani. Septemba 2025 jukwaa la mtandaoni la JamiiForums nalo lilifungiwa kwa siku 90. Kisha Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikakaa siku kadhaa bila kurejea. Mwenye bando la wiki aliliona likimalizika muda bila kulitumia. Mwanafunzi aliyekuwa na vitabu kwenye simu aliendelea kusoma. Aliyekuwa na viungo vya mtandaoni hakuwa na kitu. Hata huduma za nje haziko salama: Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamazishwa kwa amri ya serikali ya Marekani, na idhaa yake ya Kiswahili ikaingia kwenye mkumbo huo. Msikilizaji wa huduma ya bure hana risiti ya kudai chochote.

Redio ya kawaida ina nafasi yake katika hesabu hii, na nasikitika kwamba wengi wameiacha. Haili MB, haihesabu wasikilizaji, na inaishi kwa betri au kwa kipande cha sola. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia Watanzania kama milioni mbili kwa redio, kijitabu, na kikundi chenye kiongozi aliyeandaliwa. Watu walikaa pamoja, wakasikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1974 Kanda ya Ziwa ilipata gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, lililoandikwa kwa ajili ya watu waliokuwa wametoka kujifunza kusoma. Kwa wale waliopanga kazi ile, habari na elimu vilikuwa kitu kimoja. Leo tunavinunua mbalimbali.

Masomo: kipi bure, kipi ghali

Kwa upande wa vitabu kuna mengi ya bure kuliko wazazi wanavyojua. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada vinasomwa bila malipo. Kinachotozwa ni bando la kila unapofungua. Tovuti ya Maktaba ya TETEA ina mitihani ya taifa ya miaka mingi iliyopita na maelezo ya masomo ya sekondari, na faili zake unazipakua na kubaki nazo. Kwa kigezo changu cha kinachobaki, naipa TETEA alama ya juu. Mtihani wa kurasa nane ukiuchapa steshenari kwa Sh 100 ukurasa ni Sh 800, na unaweza kupita mikononi mwa darasa zima. Ila usitoe kopi ya kitabu kizima: kurasa 250 kwa bei hiyo ni Sh 25,000, fedha ambayo ni bora kwanza kuulizia kitabu chenyewe dukani.

Jambo moja la kuangalia sana wakati huu ni mtaala. Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika Januari 2024, na inaingia darasa kwa darasa. Mitihani ya zamani na programu zilizotengenezwa kabla ya hapo bado zina faida kwa mazoezi, lakini mada zimehamishwa na nyingine zimeondolewa. Kabla ya kulipia programu yoyote ya masomo, mpe mwalimu wa somo aiangalie. Kama mwenye programu hawezi kukuambia inafuata muhtasari upi, weka fedha yako mfukoni.

Mwenye kitochi hajaachwa. Shule Direct, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu mwaka 2013, ilianzisha Ticha Kidevu, anayejibu na kuuliza maswali kwa ujumbe mfupi wa simu. Kenya ilitangulia kidogo na Eneza Education, iliyopeleka masomo kwa njia hiyohiyo. Kwa watoto wadogo, Ubongo Kids imekuwa ikirushwa kwenye televisheni tangu 2014, imetengenezwa Dar es Salaam, kwa Kiswahili, na kwa hesabu inayofundishwa vizuri kweli. Nyumba yenye televisheni haihitaji kununua MB hata moja kwa ajili ya mtoto wa darasa la pili.

Halafu kuna tuisheni. Gharama yake hutofautiana mtaa kwa mtaa, kwa hiyo fanya hesabu yako: gawanya ada ya mwezi kwa idadi ya vipindi. Kama kipindi kinatoka Sh 1,000, kimezidi saa moja ya video kwa Sh 290 tu, na elfu hiyo inakwenda kwa mwalimu karibu yote. Isitoshe, mwalimu anamwona mtoto amekwama wapi. Video haijui kwamba kinachomshinda kwenye mwendo kasi ni sehemu za hesabu za darasa la sita. Ningependelea mwalimu mmoja mzuri mara mbili kwa wiki, na kati ya vipindi mtoto apitie maandishi na mitihani aliyoipakua, kuliko bando kubwa la video peke yake. Kundi la watu thelathini kwenye banda moja ni jambo jingine. Hapo mwalimu naye haoni aliyekwama.

Programu za akili mnemba zimeingia kwenye orodha pia. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma Novemba 2022, na mojawapo ya matoleo yake ya kulipia ni la dola 20 kwa mwezi, kama Sh 50,000. Kwa mwanafunzi wa sekondari sioni sababu ya kulipa hizo. Toleo la bure linaeleza mada kwa Kiswahili, linatunga maswali, na kwa kuwa ni maandishi linakula data kidogo. Hatari yake ni kwamba linakosea kwa ufasaha uleule linaopatia nao, hasa kwenye historia ya kwetu, majina na tarehe. Akilitumia, kitabu cha kiada kiwe wazi pembeni.

Cha kukwepa kabisa ni vikundi vya Telegram vinavyouza mitihani "iliyovuja". Baraza la Mitihani la Kenya limeonya mara nyingi kwamba karatasi hizo ni bandia, na mtindo wa utapeli huo hauna mpaka. Mzazi anapoteza fedha, mtoto anapoteza usiku wa mwisho wa kujisomea, na akikamatwa na kitu kinachofanana na mtihani anaweza kupoteza matokeo yote. Ukipata taarifa ya ajira, ya udahili au ya mtihani usiyoiamini, JamiiCheck na NuktaFakti huhakiki kwa Kiswahili, na PesaCheck hufanya hivyo kwa nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Hazitozi chochote. Uhakiki huo ni uandishi wa habari wa kazi ngumu, na umewaokolea wasomaji fedha nyingi kuliko ofa yoyote ya bando.

Kuhusu simu yenyewe nitasema machache. Simu za mkopo zimewafikisha wengi mtandaoni; Kenya, mpango wa Lipa Mdogo Mdogo wa Safaricom ulianza mwaka 2020 kwa malipo ya shilingi 20 za Kenya kwa siku. Kabla ya kusaini popote, zidisha malipo ya siku kwa siku zote za mkataba, ongeza kianzio, kisha linganisha na bei ya taslimu. Uliza pia simu ikifungwa kwa kuchelewa kulipa, masomo yaliyohifadhiwa ndani yatafunguka au hayatafunguka. Rahisi ni ghali pale simu inapojifunga wiki ya mtihani. Na kama umeme haujafika nyumbani, ongeza shilingi mia kadhaa za kuchaji kila siku mbili tatu. Kwa mwaka ni fedha inayoweza kununua vitabu.

Kuna gharama moja inayoweza kushuka kwa kishindo, lakini si kwa uamuzi wa mzazi mmoja. Wanafunzi 40 wakitazama somo lilelile la MB 350, kila mmoja kwa simu yake, darasa limetumia GB 14, yaani zaidi ya Sh 28,000 kwa bei ya chini na karibu Sh 131,000 kwa bei ya juu. Somo moja. Likipakuliwa mara moja na kuwekwa kwenye kompyuta ya shule, ni Sh 710 kwa wote. Programu inayofanya kazi hiyo ipo na haiuzwi: Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality, huwekwa kwenye kompyuta ya kawaida, hata iliyochakaa, na kuwagawia masomo wanafunzi wa chumba kimoja bila intaneti. Imetumika hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Vifaa navyo si vya kuanzia sifuri, kwa sababu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu. Kwenye kikao kijacho cha wazazi, kabla ya mchango mpya kupitishwa, uliza vishikwambi vya shule yenu viko wapi, vinachajiwa na nani, na ni masomo gani yamekwisha kuhifadhiwa ndani yake.